Dawa za botini: mfuko mmoja, jeraha moja

Juzi mwenzangu alichomwa na ndoana, nikafungua sanduku la huduma ya kwanza nikakuta plasta zote zimevimba, hazishiki ngozi. Tangu hapo vifaa navipanga kwa jeraha: mfuko mmoja wa plastiki wa zipu wa mikato (glavu, shashi, bendeji, plasta), mwingine wa kuungua, mwingine wa kichefuchefu. Kamua hewa yote kabla ya kufunga, andika jina kwa kalamu ya wino usiofutika, kisha tia yote kwenye kopo la mdomo mpana lenye kifuniko cha kuzungusha.

Sanduku peke yake halitoshi, kwa sababu chumvi ya bahari inayoganda kila mahali botini hunyonya unyevu wa hewa, na kila ukifungua huo unyevu unaingia. Kwa mifuko, unafungua mmoja tu, mingine inabaki mikavu.

Haisaidii kitu ukifunga mfuko ulioushika kwa mikono iliyolowa. Maji yanabaki ndani. Wala mifuko haizuii joto: kopo likikaa karibu na injini au juani, dawa zinaharibika. Na zipu huteleza vidoleni penye damu, kwa hiyo bandika ulimi wa tepu kwenye ukingo wa kila mfuko.