Jaketi la mvua litie nta Mtwara, kabla hujarudi ughaibuni

Wengi wetu tunaoishi Uingereza, Ireland na Uholanzi hurudi kusini mwezi wa saba au wa nane, shule za watoto zikifungwa. Sanduku huja na zawadi, hurudi na korosho. Mimi huu mwaka wa tatu sanduku langu linakuja pia na jaketi zito la mvua, ingawa Mtwara sina siku ya kulivaa. Nalileta litiwe nta lisipitishe maji, na nalileta huku kwa sababu kazi hii inafanyika vizuri zaidi uani kwa mama kuliko kwenye fleti ya ghorofa ya nne.

Sababu ni joto. Nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64 za Selsiasi. Ukiipaka kwenye kitambaa chenye baridi, inaganda juu juu kabla haijazama, nawe unabaki na jaketi lenye magamba. Julai na Agosti huku kwetu ni msimu wa kusi: mvua hakuna, jua lipo, na jaketi lililoanikwa tangu saa nne asubuhi likifika saa sita limeshika joto hadi kwenye mishono. Jua peke yake haliyeyushi nta, lakini linakupunguzia nusu ya kazi. Ukirudi, mvua za Septemba na Oktoba zinakukuta uko tayari.

Kwanza angalia kibandiko ndani ya jaketi. Nta inataka pamba: kitambaa kizito mfano wa turubai, kaki, hata jinzi. Nyuzi za pamba zinainywa. Nailoni na poliesta hazinywi. Jaketi langu la kwanza lilikuwa la nailoni, nikalipaka kwa bidii siku nzima. Wiki ya pili nta ikaanza kubanduka viwikoni na mvua ikapita palepale ilipokuwa ikipita. Sufu pia achana nayo. Na kama jaketi lako lilitoka kiwandani likiwa na nta tayari, kama yale ya Barbour, kampuni ya South Shields iliyoanza 1894, litie nta ya kopo inayouzwa kwa ajili yake, usilichanganyie dawa nyingine.

Kabla ya nta, lipeleke kwa fundi cherehani. Zipu iliyolegea, mfuko uliotoboka, mshono wa kwapa, vyote vishonwe sasa, maana kitambaa kikishakunywa nta sindano inanata na kiraka hakikai vizuri. Kisha lifue kama halina nta bado, likauke kabisa.

Nta yenyewe ukiwa huku haikusumbui. Liwale wanarina asali, na penye asali pana masega. Mara nyingi nta utakayoletewa ni ghafi, ina vipande vya nyuki na uchafu. Itie kwenye maji ya moto, ikiyeyuka ichuje kwa kipande cha khanga kuukuu, iache ipoe. Nta itaelea na kuganda juu, uchafu uliopenya utabaki chini, unaukwangua kwa kisu. Chagua ya njano. Ile ya kahawia iliyokolea itatia doa jaketi la rangi nyepesi, na hata ile safi hulifanya jaketi liwe jeusi kidogo, kwa hiyo jaribu kwanza ndani ya pindo.

Nta ya nyuki tupu, kwenye baridi ya Ulaya, inakakamaa na kuacha mistari meupe kila unapokunja mkono. Ya mishumaa tupu inapasuka. Mimi nachanganya nusu kwa nusu: gramu 100 za nta ya nyuki na gramu 100 za mishumaa myeupe isiyo na rangi wala manukato, utambi nimeutoa. Zinatosha jaketi moja na kipande kinabaki. Angalizo kwa mnaosoma maelekezo ya Waingereza: wakiandika parafini ya kuchanganya na nta, wanakusudia nta ya mishumaa. Mafuta ya taa hayahusiki kabisa. Mafuta ya nazi nayo waachie wali. Kwenye kitambaa yanachacha.

Sasa moto, na hapa naomba tuelewane. Nta haiwekwi moja kwa moja kwenye jiko la mkaa. Weka sufuria ya maji jikoni, ndani yake kopo la nta. Watoto wakae mbali. Ikitokea imeshika moto, funika kwa mfuniko. Usimwagie maji hata tone, yatarusha nta inayowaka. Na hilo kopo lisirudi jikoni kwa chakula.

Tandika jaketi juu ya meza yenye gazeti. Chovya brashi, paka eneo la ukubwa wa sahani, kisha lifuate hapo hapo na draya ya nywele. Tazama kwa makini: kwanza nta inakuwa na ukungu mweupe, halafu inang'aa, halafu mng'ao unapotea na kitambaa kinaonekana kama kimelowa. Hapo imezama, sogea pengine. Umeme ukikatika, weka karatasi ya kaki juu na upitishe pasi ya mkaa taratibu. Mabega na mishono irudie mara mbili. Ndani ya kola na kwapani usipake.

Mjomba wangu wa Mikindani, aliyezeekea kwenye mashua, alinikuta nikifanya hivyo. Akashika bega la jaketi, akalisugua kwa kidole gumba.

"Mpwa wangu, hii si deheni hii, ile tunayopaka vyombo visiingie maji?"

"Ndiyo, mjomba, ila hii ya nguo."

"Basi usiwe na haraka kwenye mishono. Chombo hakivuji ubaoni, kinavuja kwenye kalafati, pale mbao zinapokutana."

Akachota maji kwenye kata, akayamwaga begani. Yakakusanyika matone, yakateleza chini kama kwenye jani la gimbi. Kwenye mshono wa mkono yakazama. Nikaurudia ule mshono wote.

Litundike kivulini siku nzima, ikiwezekana mbili. Kwenye sanduku lizungushie khanga ya zamani au foronya ya pamba, mbali na nguo za sherehe. Mfuko wa plastiki utalitia ukungu. Kile kipande cha nta kilichobaki kigandishe kwenye kikopo kidogo uende nacho, lakini mazao ya nyuki hukaguliwa baadhi ya viwanja vya ndege, na Australia na New Zealand ni wakali. Tangaza ulichobeba.

Huko uendako, jaketi hili haliendi kwenye mashine ya kufulia, wala sabuni haliijui tena. Vumbi lipanguse likiwa kavu, tope litoe kwa sponji na maji baridi. Usilikalie kwenye kochi la watu wiki za mwanzo, nta huhamia. Ukiona maji hayafanyi tena matone, mara nyingi ni mabegani na pale mkanda wa begi unaposugua, pakapake hapo kwa kile kipande, upulize draya, na jaketi zima lisubiri hadi Julai.