Uji wa Kwanza wa Mtoto: Kwa Nini Uwe Mzito na Uandaliwe Vipi

Mtoto anyonye maziwa ya mama pekee, bila hata maji, mpaka atimize miezi 6. Baada ya hapo maziwa hayamtoshi tena, hasa kwa upande wa madini ya chuma, kwa kuwa akiba aliyozaliwa nayo imekwisha kupungua. Hata hivyo anapaswa kuendelea kunyonya hadi miaka 2 au zaidi, huku akilishwa chakula cha nyongeza.

Katika nyumba nyingi chakula hicho ni uji, na mara nyingi hupikwa mwepesi kwa kuhofia kwamba mtoto atapaliwa. Uji wa namna hiyo humjaza maji, na tumbo lake dogo hushiba kabla hajapata nguvu anazohitaji. Upike uji ambao, ukiuchota na kukiinamisha kijiko, unakaa kijikoni na kudondoka polepole.

Mtoto akishindwa kuumeza, usiongeze maji, bali tumia kimea cha ulezi. Loweka ulezi usiku kucha, uchuje, uufunike kwa kitambaa kibichi kwa siku 2 au 3 mpaka uchipue, kisha uuanike ukauke kabisa na kuusaga. Uji mzito ukiiva, uepue, uuache upoe kidogo, halafu ukoroge na kijiko kidogo cha kimea ukiwa bado wa moto: baada ya dakika chache utalegea wenyewe, kwa sababu kimea huvunjavunja wanga. Urudishe jikoni uchemke tena kabla ya kumlisha.

Unga wa lishe wenye nafaka nyingi unasifiwa kupita kiasi. Mahindi, mchele, ulezi na ngano, hata zikichanganywa zote, hazichukui nafasi ya dagaa waliosagwa, maharage yaliyopondwa, ini, yai lililoiva vizuri, mchicha au boga. Chagua angalau kimoja kati ya hivyo kila siku, na uongeze kijiko kidogo cha mafuta. Mahindi na karanga zenye ukungu zitupwe, maana sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu huo, iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016, haimalizwi na moto wa jikoni. Asali asipewe kabla ya mwaka 1.

Anza na vijiko 2 au 3 kwa mlo, mara 2 kwa siku, ukiongeza taratibu hadi nusu ya kikombe cha mililita 250. Kuanzia miezi 9 apate milo 3 au 4. Akigeuza uso, pumzika kidogo ujaribu tena, wala usimkabe kwa kumlazimisha. Mama anayekwenda kazini akamue maziwa, na mlezi amnyweshe mtoto kwa kikombe, ambacho ni rahisi kukisafisha kuliko chupa. Mtoto apimwe uzito kliniki kila mwezi, na mstari kwenye kadi yake ukiacha kupanda, mhudumu wa afya aulizwe siku hiyo hiyo.