Diski ya kompyuta inaumwa? Okoa data kwanza, mengine baadaye

Mwalimu mmoja wa taaluma aliniletea laptopu yenye alama za kidato cha nne, barua za shule na picha za familia. Vyote vilikuwa humo humo, hakuna nakala kwingine. Kufungua folda moja kulikuwa kunachukua dakika nzima, na kila ikiwashwa Windows ilitaka kukagua diski. Aliniuliza swali ambalo karibu kila mteja huuliza: "Fundi, itatengenezeka?" Nikamwambia, "Shikamoo mwalimu. Diski hii haitatengenezeka, lakini vilivyomo tunaweza kuvitoa, tukianza sasa hivi."

Huo ndio msimamo wangu. Diski iliyoanza kuwa na sekta mbovu (vipande vidogo vya diski visivyosomeka) imebakiwa na muda fulani wa kusomeka, na hakuna anayejua ni muda gani. Kila dakika inayozunguka ipewe kazi moja tu: kunakiliwa. Kinachoua data nyingi zaidi huku mtaani ni `chkdsk /f /r`, amri ya Windows ya kukagua na kurekebisha diski. Amri hiyo husoma diski nzima, tena inaandika juu ya orodha ya mafaili. Ikikuta mvurugiko, vipande vya kazi yako vinaishia kwenye folda ya FOUND.000 vikiwa na majina kama FILE0000.CHK. Ni chombo kizuri kwa diski nzima iliyozimwa vibaya. Kwa diski inayoumwa, usikiguse.

Hatua ya 1: Zima

Zima sasa. Usimalizie ripoti, usitume barua pepe ya mwisho. Windows ikianza ukaguzi yenyewe wakati wa kuwaka, bonyeza kitufe chochote kuuruka ndani ya zile sekunde chache inazokupa.

Hatua ya 2: Sikiliza

Iwashe mara moja tu, utege sikio. Ukisikia mlio wa kugonga wenye mpangilio, tak, tak, tak, kisha kimya, kisha tena tak, tak, tak, vichwa vya kusomea vimeharibika au vimepotea njia. Chomoa umeme. Mwongozo huu haukuhusu, na wala usikubali fundi yeyote akufungulie diski mezani. Vichwa huelea juu ya sahani zinazozunguka zenye data kwa umbali mdogo kuliko chembe ya vumbi, kwa hiyo chembe moja inatosha kuchana sahani. Kazi hiyo ni ya maabara yenye chumba kisicho na vumbi. Kuna gharama kubwa, na uamuzi ni wako kulingana na thamani ya data. Ushauri wa kuweka diski kwenye friza nao upuuze: ukiitoa inatokwa jasho ndani, na maji juu ya sahani yanamaliza kila kitu.

Kama ni SSD, yaani diski isiyo na sahani zinazozunguka, hutasikia kitu. Hizo mara nyingi hupotea ghafla bila onyo, kwa hiyo ikianza kukwamakwama usingoje hata jioni.

Kama diski inazunguka vizuri lakini ni nzito, inagandisha kompyuta, au baadhi ya mafaili hayafunguki, endelea.

Hatua ya 3: Vifaa

Unahitaji kompyuta nyingine nzima, diski ya kupokelea yenye nafasi kubwa kuliko diski yote inayoumwa (si ukubwa wa mafaili tu, ukubwa wa diski yote), adapta ya USB kwenda SATA (ya kuchomekea diski iliyotolewa kwenye mashine), na flashi yenye SystemRescue. Hiyo ni Linux ya bure inayowaka kutoka kwenye flashi. Itengeneze kwa Rufus au Ventoy. Ninaipenda kuliko Ubuntu kwa kazi hii kwa sababu haikimbilii kufungua diski unayochomeka. Ubuntu ya kawaida inaweza kuifungua yenyewe na kuandika humo kabla hujagusa chochote.

Diski ya kupokelea iwe na mfumo wa mafaili wa ext4 au NTFS. FAT32 haikubali faili linalozidi gigabaiti 4, na sisi tunakwenda kutengeneza faili moja la mamia ya gigabaiti.

Umeme: tumia laptopu yenye betri inayoshika chaji. Kama diski ni ile kubwa ya kompyuta ya mezani, ina adapta yake ya umeme, kwa hiyo tafuta UPS. Na weka feni. Chumba cha Dar mwezi wa pili kinaipandisha joto diski iliyolala mezani, na joto linaongeza makosa.

Hatua ya 4: Pima hali

Washa SystemRescue, chomeka diski mbovu, kisha soma ripoti ya afya yake (sdb ni mfano; amri ya `lsblk` itakuonyesha jina la diski yako):

`smartctl -a -d sat /dev/sdb`

Angalia safu ya namba, ukilenga mistari minne. Namba 5 ni sekta zilizokwisha kubadilishwa na za akiba. 197 ni zinazosubiri uamuzi kwa kuwa zimegoma kusomeka. 198 ni zilizoshindikana. Mojawapo ikiwa juu ya sifuri kwenye safu ya mwisho (RAW_VALUE) na inaongezeka, diski inakwenda. 199 ni tofauti: mara nyingi ni waya. Badilisha waya kabla ya kulaumu diski, maana diski nyingi nzima hutupwa kwa kosa la waya.

Hatua ya 5: Nakili kwa ddrescue

Hapa ndipo data hupona au hupotea, kwa hiyo soma sehemu hii yote kabla ya kuandika amri yoyote.

Kunakili kwa kawaida, kwa kuburuta folda, kunakwama kwenye sekta mbovu ya kwanza. Kompyuta inairudia sekta ile ile tena na tena, diski inachoka, na mafaili mazima yaliyoko mbele hayajafikiwa. GNU ddrescue, programu ya bure ya Antonio Diaz Diaz, inafanya kinyume. Inachukua yaliyo rahisi kwanza, inaruka penye shida, inaandika kwenye faili la ramani ni wapi iliruka, kisha inarudi baadaye. Ramani hiyo ndiyo inayokuwezesha kusimama na kuendelea kesho bila kuanza upya. Uangalie jina: `dd_rescue` yenye kistari cha chini ni programu nyingine kabisa. Ukiwa Ubuntu, pakiti inaitwa gddrescue.

Programu za kulipia zenye kitufe kikubwa cha kuskani sizitumii juu ya diski inayokufa, na zile zilizovunjwa leseni zinazouzwa kwa flashi sizitumii popote. Zinaisokota diski kwa saa nyingi kukuonyesha orodha, na bado hakuna hata baiti moja iliyohifadhiwa.

Kwanza tambua diski:

`lsblk -o NAME,SIZE,MODEL,SERIAL`

Diski ya gigabaiti 500 itaonekana kama 465.8G, ya terabaiti 1 kama 931.5G. Usiamini ukubwa peke yake. Linganisha namba ya serial iliyoko kwenye stika ya diski na ile ya kwenye kioo, herufi kwa herufi. Ukigeuza chanzo na mapokezi, unaandika utupu juu ya kazi ya mtu.

Sasa jambo linalokula saa za watu. Majina kama /dev/sdb hayadumu. Diski inayoumwa hukatika katikati ya kazi na kurudi yenyewe, na ikirudi inaweza kupewa jina la /dev/sdd. Ukirudia amri yako ya mwanzo, unaelekeza programu kwenye kifaa kisichokuwepo, au kibaya zaidi, kwenye kifaa kingine. Kwa hiyo tumia jina la kudumu:

`ls -l /dev/disk/by-id/`

Chukua jina refu linaloelekea kwenye diski mbovu, lile lisilo na neno "part" mwishoni. Kuanzia hapo usitumie jina fupi tena kwa diski hiyo.

Kisha fungua diski ya kupokelea (sdc1 ni mfano; weka jina ulilolipata kwa `lsblk`):

`mkdir /mnt/salama`
`mount /dev/sdc1 /mnt/salama`
`df -h /mnt/salama`

Amri ya tatu usiiruke. Kama diski ya kupokelea haikufunguka, folda ya /mnt/salama ipo bado, ila iko ndani ya kumbukumbu ya RAM. ddrescue itaanza kuandika humo bila kulalamika, RAM itajaa, kompyuta itaganda, na ramani yote itapotea ukizima. `df` ikikuonyesha nafasi inayolingana na diski yako ya kupokelea, uko salama.

Mzunguko wa kwanza:

`cd /mnt/salama`
`ddrescue -d -n /dev/disk/by-id/JINA-REFU diski.img diski.map`

Alama ya `-n` inaiambia ichukue yaliyo rahisi na isikwangue penye ubovu kwa sasa. `-d` inaifanya isome moja kwa moja kwenye diski. Chanzo kinatangulia, mapokezi yanafuata, ramani mwisho. Ramani iwe kwenye diski ile ile nzima. Bila ramani umepoteza sababu nzima ya kutumia ddrescue.

Kaa uangalie dakika za mwanzo. Kwa mwendo wa megabaiti 100 kwa sekunde, diski ya gigabaiti 500 ingeisha kwa kama saa moja na nusu. Diski inayoumwa itachukua muda mrefu zaidi, wakati mwingine siku, na hilo ni kawaida. Unachotazama ni mistari mitatu: kilichookolewa, makosa ya kusoma, na muda tangu usomaji wa mwisho uliofaulu. Mwendo ukishuka kisha ukapanda, sawa, imekutana na eneo bovu ikaruka. Lakini makosa yakianza kukimbia kwa mamia huku kilichookolewa kikiwa kimesimama, diski huenda imekatika, na programu inaandika "mbovu" juu ya maeneo ambayo haijayasoma kweli. Bonyeza Ctrl+C mara moja. Ramani inahifadhiwa. Chomoa diski, iache ipoe, ichomeke tena, hakikisha jina refu limerudi kwenye by-id, kisha endelea hivi:

`ddrescue -d -n -A -M /dev/disk/by-id/JINA-REFU diski.img diski.map`

`-A` na `-M` zinafuta hukumu hizo ili maeneo yale yajaribiwe upya. Ziweke mara hiyo moja tu. Ukizibakiza kila ukirudia, utakuwa unaisugua diski pale pale. Ikikatika kila inapofika sehemu ile ile, ongeza `-R` ili isome kutoka mwisho kurudi mwanzo. Mara nyingi eneo bovu ni kisiwa katikati, na ukilizunguka unapata pande zote mbili.

Mzunguko wa kwanza ukiisha salama, simama ujiulize kama inatosha. Kwa laptopu ya mwalimu yule, nilifungua nakala kwanza nione folda ya matokeo kabla ya kuitesa diski zaidi. Kama unachohitaji kipo, huna sababu ya kuendelea. Kama hakipo:

`ddrescue -d -r3 /dev/disk/by-id/JINA-REFU diski.img diski.map`

Sasa inakwangua na kurudia mara tatu. Watu huweka `-r100` wakidhani wanasaidia. Sekta iliyogoma mara tatu ni nadra kukubali baadaye, na marudio hayo yanaweza kuua kichwa kinachosoma sehemu nyingine.

Hatua ya 6: Toa mafaili kwenye nakala

Chomoa diski mbovu. Kila kitu kuanzia hapa kinafanyika juu ya diski.img.

`losetup -rfP --show diski.img`

Itakujibu jina, mfano /dev/loop1. Tazama vigawanyo, yaani sehemu za diski, kwa `lsblk /dev/loop1`. Cha Windows kwa kawaida ndicho kikubwa kuliko vyote; hapa tuseme ni p3.

`mkdir /mnt/taswira`
`mount -o ro /dev/loop1p3 /mnt/taswira`

Mafaili yako ndani ya Users. Nakili.

Kigawanyo kikikataa kufunguka na ukaona neno BitLocker, tafuta ufunguo wa tarakimu 48. Kompyuta nyingi za Windows 11 hufungwa hivyo zenyewe, na ufunguo huwa umehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft ya mwenye mashine. Ukiupata, njia isiyo na usumbufu ni kuimwaga taswira (lile faili la diski.img) kwenye diski nyingine nzima, kuichomeka kwenye Windows, na kuingiza ufunguo.

Kama orodha ya mafaili ndiyo iliyoharibika, tumia programu ya TestDisk. Ikishindikana, PhotoRec. PhotoRec hutambua mafaili kwa umbo lake, hivyo majina na folda zote zinapotea, na utapata maelfu ya picha zenye majina ya namba. Ni njia ya mwisho, lakini picha za harusi zisizo na majina ni picha bado.

Fungua mafaili ya muhimu moja moja. Pasiposomeka ddrescue huacha sifuri, kwa hiyo faili la Excel linaweza kuonekana na ukubwa wake kamili na lisifunguke, na picha ikawa nzuri hadi katikati kisha kijivu kitupu hadi chini. Fanya hivyo mwenye data akiwa amekaa pembeni yako, kwa sababu yeye ndiye anayejua lipi ni la lazima.

Hatua ya 7: Nakala ya pili, kisha diski ya zamani

Nakili yaliyopona mahali pawili: diski mpya, na sehemu nyingine isiyokaa nyumba moja na hiyo, iwe mtandaoni au kwa ndugu. Taswira na ramani zitunze kwa wiki kadhaa, maana mtu hukumbuka faili alilosahau pale anapolihitaji. Diski mbovu usimrudishie muuzaji wala kumpa fundi wa vipuri ikiwa na alama za wanafunzi au vitambulisho vya watu ndani. Ukisharidhika na nakala, itoboe sahani kwa drili ndipo uitupe. SSD ivunje chipu moja moja.