Tungule Texas: ruhusa iombwe vuli, miche iingie Machi

Kila ikifika Mei naanza kutumiwa picha za miche. Ni ndugu zetu wa Wete, Mkoani, Bububu na Jang'ombe walionunua nyumba pembezoni mwa Houston, wakaona jua linavyowaka, wakasema hapa tungule hazina sababu ya kukataa. Juni picha inayokuja ni ya mche mrefu, majani ya kupendeza, maua ya manjano tele, na tunda hata la dawa hakuna. Julai wananyamaza.

Naandika haya vuli, nikiwa Wete kwa mapumziko, na nayaandika sasa makusudi. Mwenye nia ya kula tungule zake Juni ijayo kazi yake inaanza leo, kabla hajagusa udongo. Inaanza na karatasi.

Kwanza tuelewane kuhusu joto. Ua la tungule hujichavusha lenyewe, lakini chavua yake haistahamili. Mchana ukipanda zaidi ya nyuzi 32 hadi 35, na usiku usiposhuka chini ya 24 (wenyewe watakwambia 75, wanapima kwa Farenhaiti), chavua inaharibika, ua linakauka na kudondoka na kikonyo chake. Houston kuanzia Juni mpaka mwanzo wa Septemba usiku ni huo huo wa 24, 25, 26, na unyevu juu yake. Mche hautakufa, utazidi kunawiri tu, na wewe utaumwagilia kwa matumaini. Wakulima wetu hungoja masika yapungue ili tungule zizae ndani ya kipupwe. Texas ubaridi wa kuzalia unakuja kabla ya joto, si baada yake: miche inaingia ardhini kuanzia katikati ya Machi, jalidi (baridi ya kugandisha) likishapita, na matunda yawe yameshafunga Aprili na Mei. Ukikosa mwanya huo umekosa. Maelezo ya nyuma ya pakiti za mbegu yasikudanganye, mengi yameandikwa kwa kuwafikiria watu wa majimbo ya kaskazini wanaopanda Mei.

Basi Machi. Na hapa ndipo mtego ulipo.

Mitaa mingi mipya ina jumuiya ya wamiliki wa nyumba. Siku ya kukabidhiwa funguo ulitia saini rundo la karatasi, na humo ndani mlikuwa na masharti ya jumuiya: rangi ya mlango, urefu wa nyasi, pipa la taka litoke lini na lirudi lini. Jiji la Houston lenyewe linajulikana Marekani nzima kwa kutokuwa na sheria ya kupanga matumizi ya ardhi. Gereji inaweza kukaa ubavuni mwa nyumba ya mtu. Lakini hiyo hiyo Houston, ukiingia ndani ya geti la mtaa, sanduku la mbao lenye tungule sita linahitaji kamati.

Nilipomweleza khalati yangu barazani hapa, aliweka kisu chini. Alikuwa anakata kachumbari kwa tungule zilizovushwa kutoka Tanga.

"Kwani mwanangu, nyumba umekodi au umenunua?"

"Nimenunua, khalati."

"Na uwanja wako?"

"Wangu."

"Sasa ruhusa ya nini?"

Sikuwa na jibu la kumridhisha. Kwetu ukiwa na jambo la kiwanja unampitia sheha, unamwamkia, mnazungumza, na kama amekasirika unajua amekasirikia nini. Kule sheha wako ni tovuti yenye nywila, inapokea maombi na kujibu kwa barua isiyo na jina la mtu.

Mimi ombi langu niliingiza Januari, nikijiona nimewahi. Likarudishwa: wanataka nakala ya ramani ya upimaji wa kiwanja, sanduku lichorwe juu yake pamoja na vipimo kutoka kwenye uzio. Fomu yenyewe haikulitaja hilo popote. Nikachora. Likarudishwa tena: mbao zitapakwa rangi gani? Na sikilizeni vizuri hapa, maana ndipo wengi mnaponaswa. Masharti ya mitaa mingi huipa kamati siku 30 za kujibu, mengine 45 au 60, na hesabu hiyo haianzi siku uliyotuma. Inaanza siku watakayosema ombi limekamilika. Kila likirudi, siku zinahesabiwa upya kuanzia moja. Ruhusa yangu ilitoka Mei inaishia. Ruhusa ya kupanda tungule, Mei inaishia, Houston!

Wakati huo miche ilikuwa kwenye ndoo kando ya gereji, kwa sababu nyuma ya nyumba kuna mwaloni wa jirani na jua halifiki. Ikaja barua ya rejista. Ndani yake mna picha iliyopigwa kutoka barabarani: ndoo zangu, moja imezungushiwa duara jekundu, na mrehani wa mke wangu nao umo kwenye shtaka. Kumbe neno la kuangalia kwenye masharti si "mbele ya nyumba". Ni "panapoonekana kutoka barabarani". Ubavuni panaonekana. Hata nyuma panaonekana, kama nyumba yako ni ya kona. Simama barabarani, pande zote, uangalie mwenyewe kabla hujachagua pahala.

Barua kama hiyo usiitupe na usiiweke juu ya friji. Sheria ya Texas inaitaka jumuiya, kabla ya kukutoza faini, ikuandikie kosa ni lipi na ikupe muda wa kurekebisha ikiwa linarekebishika. Unayo haki ya kuomba kusikilizwa ndani ya siku 30, na siku hizo zinahesabiwa tangu barua ilipotumwa, hata kama wewe ulikwenda kuichukua posta wiki mbili baadaye. Omba kwa maandishi. Weka nakala. Sheria hiyo hiyo ya jimbo haiwaruhusu kukukataza kabisa kutengeneza mboji, kuweka pipa la kukingia maji ya mvua, wala kutumia umwagiliaji wa matone. Wanaweza kusema likae wapi na lionekane vipi. Kifungu hicho hakitaji mboga, kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba pipa likiruhusiwa na tungule zimeruhusiwa.

Narudia, na sitachoka: omba Oktoba, au Novemba. Desemba kamati nyingi hazikai, watu wako kwenye sikukuu zao. Tuma ramani ya upimaji hata kama hawakuiomba. Imo kwenye faili la siku uliyonunua nyumba. Andika aina ya mbao, rangi, urefu, na umbali kutoka kwenye uzio. Kisha uliza kwa maandishi: ombi limekamilika? Subiri wajibu ndiyo. Na ruhusa ikitoka isome tarehe yake, nyingi hukupa muda wa kumaliza kazi, ukipita unaanza upya.

Wapangaji mambo yenu ni mepesi zaidi: someni mkataba wa pango, muulizeni mwenye nyumba kwa maandishi, pandeni kwenye vyungu.

Sasa ndugu zangu mlioko nyumbani, nawapenda, lakini mniache niseme kidogo. Acheni kuwafungia wasafiri mbegu kwenye pindo la kanga. Najua mbegu ya Tengeru 97 imezaa vizuri kwa ami shamba, najua mnatutakia mema. Mbegu za tungule kuingia Marekani zina masharti ya cheti cha afya ya mimea, na kwa sababu ya virusi vya tungule wanazikagua kwa jicho kali. Asiyetamka alichobeba anaweza kutozwa faini ya hadi dola 1,000, na anayetozwa ni yule bi mkubwa aliyebeba, ambaye hata Kiingereza hana. Mbegu zinauzwa kule, na maktaba nyingine za mitaa zinagawa bure. Pia tukisema tungule hazijazaa, msituulize kwa nini hatununui ekari. Si kila penye nyasi ni shamba.

Na nyasi zenyewe! Watu wale wana mapenzi na nyasi nisiyoyaelewa. Zinamwagiliwa, zinalishwa mbolea, zinakatwa kila wiki, wala hakuna mbuzi. Jirani anayechukia ndoo zako hatakwambia uso kwa uso. Atakupungia mkono asubuhi, jioni atapeleka picha. Kwetu bi fulani angepaza sauti ukutani mtaa mzima ukasikia, na kesho mkakopeshana chumvi. Nami nikiwa mkweli, yapo waliyotuzidi: ofisi ya ugani ya Texas A&M AgriLife iko karibu kila wilaya, utapata bure kalenda ya kupandia ya eneo lako, na watu wa kujitolea watakusikiliza habari za jani lako lenye madoa kama unawaeleza ugonjwa wa mtoto.

Kilimo chenyewe hakina maneno mengi. Udongo wa Houston ni mfinyanzi mzito, kwa hiyo sanduku la kimo cha sentimita 30 lenye udongo mwepesi na mboji. Chagua aina zinazofupika na kuzaa kwa pamoja na mapema: Celebrity, au Heatmaster iliyotengenezwa kwa ajili ya joto. Tungule ndogo ndogo za kutafuna huvumilia wiki kadhaa zaidi, weka mche mmoja wa akiba. Nunua miche, usianze na mbegu Machi. Fukia shina mpaka karibu na majani ya juu, litaota mizizi. Tandaza nyasi kavu au majani chini. Chungu kisipungue lita 19 na kisiwe cheusi. Maji asubuhi, kwa kiasi kile kile kila mara. Ukikausha siku tatu kisha ukafurisha, tunda litaoza kitako. Maua yakifunguka, yatikise kidogo asubuhi. Weka shuka la zamani karibu hadi mwisho wa Machi, maana jalidi la kuchelewa hutokea, na walioiona Februari 2021, umeme umekatika na mabomba yamepasuka, hawalichezei jalidi la Texas.

Mei ikikaza, funika kwa neti ya kivuli ya asilimia 30 hadi 50. Tunda likianza tu kugeuka rangi lichume ulimalizie ndani, kwani zaidi ya nyuzi 30 wekundu hautengenezeki vizuri, litabaki rangi ya chungwa huku ndege wakilidonoa.

Aliyekosa Machi asing'oe sanduku. Kuna mkupuo wa pili: miche mipya iingie kuanzia Julai hadi mwanzo wa Agosti, chini ya neti, maji yasikatike. Itasononeka wiki za mwanzo. Usiku ukipoa mwishoni mwa Septemba itafunga matunda, na utachuma hadi jalidi la kwanza, kwa kawaida mwisho wa Novemba au Desemba. Usiku huo likitangazwa chuma zote, na zile mbichi zisizo na dalili ya kuiva tia kwenye achari na pilipili mbuzi. Ruhusa ile ile ya sanduku inatosha, ili mradi hukuongeza hata ubao mmoja. Ukiongeza, ni ombi jipya.