Somo: Kupanga jarida la muziki la shule, kutoka karatasi tupu hadi kwa mchapaji

Klabu nyingi za wanahabari shuleni huanza jarida kwa kufungua kompyuta na kutafuta templeti ya kupendeza. Kazi huharibikia hapo. Templeti nyingi zimepimwa kwa maneno mafupi ya Kiingereza na kwa mitambo inayochapa hadi ukingoni mwa karatasi. Ukimwaga humo mahojiano ya Kiswahili, safu zinajaa mapengo, vichwa vinakatika pabaya, na mchapaji wa River Road, Nairobi, anakurudishia faili kwa sababu hukuacha nafasi ya kukatia. Sisi tutaanza na karatasi, tufuate na lugha, urembo uje mwisho. Vipimo vyote ni vya jarida la A4 lenye kurasa 16, lililopigwa stepla katikati.

Hatua ya 1: Kunja dami

Dami ni jarida tupu la kupangia, nusu ya ukubwa wa jarida lenyewe. Chukua karatasi 4 za A4, zipachike moja ndani ya nyingine, uzikunje katikati. Una kurasa 16. Ziandike namba kwa penseli, kisha zitenganishe uzitazame moja moja.

Karatasi ya nje imebeba ukurasa wa 16 na wa 1 upande mmoja, wa 2 na wa 15 upande wa pili. Ya pili: 14 na 3, 4 na 13. Ya tatu: 12 na 5, 6 na 11. Ya ndani kabisa: 10 na 7, 8 na 9. Kila jozi ukiijumlisha unapata 17. Isipofika 17, umekosea kuhesabu.

Jambo hili linaamua mengi. Kurasa za 4 na 5 hutazamana jarida likifunguliwa, lakini zimechapwa kwenye karatasi mbili tofauti. Ukitandaza picha moja juu ya zote mbili, stepla ikisogea milimita moja tu, shingo ya gitaa haitakutana na mwili wake. Kurasa za 8 na 9 peke yake ndizo ziko kwenye karatasi moja. Weka hapo mahojiano makuu yenye picha kubwa.

Kama pesa za rangi ni chache, chapa kwa rangi karatasi ya nje na ya ndani pekee. Utapata rangi kwenye kurasa 1, 2, 7, 8, 9, 10, 15 na 16. Kurasa zilizobaki zipange tangu mwanzo kwa rangi nyeusi: orodha ya albamu, barua, ratiba ya tamasha za muziki. Picha iliyopangwa kwa rangi halafu ikachapwa nyeusi hugeuka tope.

Hatua ya 2: Gridi inayokubali Kiswahili

A4 ni milimita 210 kwa 297. Acha pambizo la milimita 15 kulia na kushoto. Unabaki na 180. Ukigawa safu tatu zenye nafasi ya milimita 4.5 kati yake, kila safu inapata milimita 57. Kwa fonti ya pointi 9.5, mstari mmoja hubeba takriban herufi 35.

Sasa chukua neno la kawaida kama *wanavyojitayarisha*. Lina herufi 18, nusu ya mstari mzima. Ukiamuru maandishi yanyooke pande zote mbili, programu haina la kufanya ila kutawanya maneno mawili matatu kwenye mstari, na mapengo meupe yatateremka ukurasa mzima kama mifereji. Dawa ni mbili. Nyoosha kushoto tu, kulia kuachwe huru. Au, kwa makala ndefu, tumia safu mbili za milimita 87.5 zenye nafasi ya milimita 5 kati yake. Hapo mstari unabeba herufi 50 na ushee, na Kiswahili kinapumua. Safu tatu zibakie kwa habari fupi fupi.

Zima ukataji wa maneno unaofuata Kiingereza. Programu isiyojua silabi zetu inaweza kukata *nyim-bo*, ilhali silabi ya Kiswahili kwa kawaida huishia kwenye irabu: *nyi-mbo*, *wanamu-ziki*. Na *ng'* kamwe haitenganishwi.

Maandishi ya makala: pointi 9.5, mstari hadi mstari pointi 12.5. Familia mbili za fonti zinatosha jarida zima, moja ya vichwa na moja ya makala. Rangi kuu tatu, nyeusi ikiwemo. Ziandike kwenye karatasi moja pamoja na vipimo, ibandikwe ukutani penye kompyuta, na kila anayepanga ukurasa aifuate. Wanafunzi watano wakipanga kurasa bila karatasi hiyo, watatoa majarida matano yaliyopigwa stepla pamoja.

Hatua ya 3: Jalada

Jina la jarida hukaa juu kwa sababu majarida yanapopangwa kwenye rafu, sehemu ya chini hufichwa na yaliyo mbele yake. Yakipangwa kwa kulaliana ubavu kwa ubavu, huonekana theluthi ya kushoto. Kwa hiyo jina liwe juu, na kichwa chenye mvuto zaidi kiwe kushoto.

Jina fupi hushinda. Neno kama ZEZE, herufi nne, linaweza kujaza upana wote na kusimama kwa urefu wa sentimita tano. Jina la maneno manne litakuwa dogo kama kichwa cha barua. Umbo la herufi nalo litangaze muziki wa ndani kabla jina halijasomwa: jarida la Kerrang! la Uingereza, lililoanza 1981, limechukua jina lake kutoka mlio wa gitaa la umeme, na herufi zake zinaonekana kama zimepasuka. Nairobi tunayo hazina yetu, michoro na maandishi ya matatu. Kwa toleo la gengetone, muziki wa vijana wa mitaa ya Nairobi, mwandiko wa namna hiyo unakaa sawasawa. Kwa kwaya au taarabu utapotosha.

Mpiga picha aambiwe mapema: mtu kuanzia kifuani, macho kwenye kamera, na robo ya juu ya picha iachwe tupu kwa ajili ya jina. Kichwa cha msanii kikijaa hadi juu hakuna ujanja wa baadaye utakaosaidia. Msimamishe kivulini, kando ya ukuta usio na mabango. Jua la saa sita huacha mashimo meusi machoni. Simu ikishikwa wima hupiga picha nyembamba kidogo kuliko mraba, lakini A4 ni nyembamba zaidi, hivyo pande zitakatwa. Usimweke mtu ukingoni.

Vichwa vya jaladani viwe vinne hadi sita, kila kimoja maneno yasiyozidi sita. Kimoja kiwe kikubwa mara mbili ya vingine, nacho kihusu mtu aliye pichani. Majarida yenye umri hufunika nusu ya jina kwa kichwa cha msanii kwa kuwa wasomaji wanalijua jina hilo. Toleo lako la kwanza halina haki hiyo bado. Funika sehemu ya herufi moja, basi. Ongeza toleo, mwezi na bei.

Jaribio: chapa jalada kwa nyeusi, libandike ukutani, rudi nyuma hatua nne. Jina na kichwa kikuu visomeke. Visiposomeka, ongeza ukubwa au punguza vilivyovizunguka. Mara nyingi kupunguza ndiko kunakofaa.

Hatua ya 4: Yaliyomo na kurasa za ndani

Ukurasa wa yaliyomo gawa mafungu mawili: yanayorudi kila toleo, na makala za toleo hili. Namba za kurasa ziwe kubwa kuliko vichwa na za rangi moja. Ukurasa huu upange mwisho, ukihakiki kila namba kwa dami mkononi.

Kwenye mahojiano ya kurasa 8 na 9: kichwa, kisha utangulizi wa sentensi mbili zinazomtaja msanii na mwandishi, kisha makala. Herufi ya kuanzia ikuzwe kwa kimo cha mistari mitatu. Aya isianze kwa alama ya kunukuu wala kwa neno la *ng'*, maana ile alama ndogo hubaki ikielea kando ya herufi kubwa kama doa. Badilisha neno la kwanza.

Nukuu iliyokuzwa, pointi 18 hadi 24, iwe maneno ya msanii neno kwa neno kama yalivyo ndani ya makala, lakini isikae kando ya aya ilikotoka. Na hakuna uso wala herufi itakayopita kwenye kunjo: acha milimita 10 kila upande.

Hatua ya 5: Faili ya mchapaji

Kila kinachogusa ukingo kipite milimita 3 nje, ndiyo ziada itakayokatwa, hivyo ukurasa uwe 216 kwa 303. Kwa pikseli 300 kwa inchi, picha ya jalada inahitaji angalau pikseli 2551 kwa 3579. Simu ya megapikseli 12 inatosha, mradi picha itumwe kama hati na si kama picha ya kawaida ya WhatsApp, ambayo hubanwa.

Muulize mchapaji anatumia karatasi gani. A3 haitoshi: jarida likifunguliwa pamoja na ziada ni 426 kwa 303, na A3 ni 420 kwa 297. Inahitajika SRA3, yaani 450 kwa 320. Kama hana, usilazimishe. Panga kurasa zote na mpaka mweupe wa milimita 8. Ukipangwa kwa makusudi, mpaka huo hupendeza.

Maandishi meusi yawe nyeusi tupu asilimia 100, yaani wino mweusi peke yake. Peleka PDF ya kurasa moja moja kwa mfuatano, 1 hadi 16. Kuzipanga jozi ni kazi yake. Kabla ya nakala zote, lipia nakala moja ya majaribio.

Maswali ya wanachama

Mwalimu, naomba kuuliza. Sisi tuna Canva ya bure kwenye simu tu. Tunaweza kufuata haya?
Mnaweza. Fungueni ukurasa wa A4, na mnapopakua chagueni PDF ya kuchapa pamoja na alama za kukatia na ziada. Faili itatoka kwa rangi za skrini, kwa hiyo epukeni buluu na kijani kinachowaka, karatasini vitafifia. Mkipata kompyuta hata siku moja kwa wiki, Scribus, programu ya kupanga kurasa, ni ya bure na inatoa rangi nne za uchapaji.

Msimbopau (barcode) lazima? Bila huo jalada linaonekana si la kweli.
Jarida linalouzwa getini siku ya wazazi halihitaji. Wa kweli wa majarida hutokana na ISSN, namba ya kimataifa ya majarida, na huanza na 977. Usinakili wa jarida jingine, maana ni namba ya mtu. Mkiupata baadaye, mistari iwe nyeusi juu ya nyeupe. Mistari myekundu haisomeki, kwa kuwa mashine nyingi husoma kwa mwanga mwekundu.

Tulipata picha ya msanii Instagram, safi kabisa kwenye skrini. Mchapaji anasema haifai. Anatuonea?
Hawaonei. Picha ya upana wa pikseli 1080 huchapika vizuri kwa sentimita 9 hivi, si zaidi. Halafu kuna haki: picha ni ya aliyeipiga au aliyemlipa, si ya aliyeiona. Andikieni watu wa msanii, waombeni picha asilia na ruhusa ya maandishi. Hali kadhalika na maneno ya wimbo. Msichape wimbo mzima. Na mwanafunzi akiwa jaladani, mzazi wake aridhie kwa sahihi.

Sheng jaladani? Mlezi wa klabu anakataa.
Mwonyesheni mnavyoitumia. Kichwa kimoja cha Sheng juu ya makala ya Sheng kinamwita msomaji anayestahili. Vichwa vyote vikiwa Sheng, neno la mwaka huu litachakaa kabla nakala hazijaisha. Ndani, nukuu za msanii zibaki kama alivyosema. Masimulizi yawe Kiswahili sanifu.

Maandishi yetu yalitoka na kivuli chekundu na buluu pembeni. Mashine mbovu?
Huenda ni faili. Nyeusi yenu ilichanganywa kwa rangi nne, na rangi nne haziangukii mahali pamoja kamili. Kwenye bango huoni. Kwenye pointi 9.5 unaona. Rudisheni nyeusi tupu. Kwa sababu hiyo hiyo, maandishi meupe juu ya picha yasishuke pointi 11, na yawe ya herufi nene.

*Nyongeza kutoka kwa mwanachama:* kagueni pia karatasi. Bondi ya gramu 80 huonyesha wino wa upande wa pili, na wengi hudhani ni kivuli. Ndani tumieni gramu 100 au zaidi, jalada gramu 150 hadi 170.

Makala zimejaa kurasa 18. Tunaongeza karatasi moja?
Karatasi moja ni kurasa nne, kwa hiyo ni 16 au 20. Kama hamna kurasa mbili zaidi zenye uzito, punguzeni. Anzeni na picha ndogo ndogo za umati, kisha utangulizi wa mhariri, ambao mara nyingi unaweza kuwa robo ya ukurasa. Msipunguze pointi za makala ili zienee. Mkienda 20, kunjeni dami upya: jozi sasa hujumlika 21, na katikati ni 10 na 11.