Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kulipia Safari ya Kundi kwa Basi kutoka Kigoma hadi Kigali na Kampala

Safari za kundi kwa basi, ambazo mwandaaji hukusanya watu wa mtaa, wa kikoba au wa parokia moja na kuwatoza bei moja yenye nauli, malazi na mwongozaji ndani yake, huwafungulia njia watu ambao wasingethubutu kuvuka mpaka peke yao. Mzunguko ninaouzungumzia hapa hupanda kutoka Kigoma kupitia Kasulu, Kibondo na Kakonko hadi Nyakanazi, ukavuka Rusumo kuingia Rwanda, ukatoka Kigali na kuingia Uganda kwa Gatuna, kisha Kabale, Mbarara na Kampala, na kurudi kwa Mutukula na Bukoba. Unafuu wa bei yake hupatikana kwa kujaza viti vyote, kulala gesti zilizo mbali na katikati ya jiji na kubana siku, kwa hiyo jambo la kuuliza kabla ya vivutio vyote ni saa ngapi za kila siku zitaishia garini.

Omba ratiba ya maandishi inayoonyesha saa ya kuondoka, saa ya kufika na muda wa kukaa kila mahali. Ratiba inayosema tu kwamba siku ya pili ni ya Kigali haikuambii kitu, maana basi linaweza kuingia mjini giza likiwa limeshatanda na kuondoka alfajiri, na abiria wakawa wameiona Kigali kupitia kioo. Zingatia pia kwamba saa ya Rwanda iko nyuma ya yetu kwa saa moja, wakati ya Uganda ni sawa na ya Tanzania, hivyo kiongozi wa msafara akitangaza saa ya kukusanyika ni lazima aseme ni saa ya nchi gani. Halafu tazama kalenda. Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi Rwanda hufanya Umuganda, kazi ya pamoja ya jamii, kuanzia saa mbili hadi saa tano asubuhi, na katika muda huo maduka mengi hufungwa na magari huzuiwa. Wiki inayoanza Aprili 7 ni ya maombolezo ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, wala si wakati wa kutafuta muziki na sherehe. Kwa upande wa Uganda, Juni 3 huadhimishwa Mashahidi wa Uganda, Wakristo waliochomwa moto kwa ajili ya imani yao Namugongo mwaka 1886. Anayekwenda kuhiji ataifurahia siku hiyo, lakini mtalii wa kawaida atakutana na msongamano mkubwa wa watu na magari.

Suala la nyaraka lisiachwe hadi wiki ya safari, hasa kwetu sisi wa mkoa wa mpakani, ambako maswali ya uraia huulizwa kwa makini na majibu yake huchukua muda. Wapo wanaodhani kwamba kitambulisho cha NIDA kinatosha kwa kuwa Rwanda, Uganda na Kenya zimeruhusiana raia wao kuvuka kwa kitambulisho cha taifa, lakini Tanzania haimo katika utaratibu huo. Msafiri wetu anahitaji pasipoti au hati ya dharura ya safari inayotolewa na Uhamiaji. Anayeomba pasipoti ataulizwa cheti chake cha kuzaliwa na pia uthibitisho wa kuzaliwa kwa mzazi, na kwa wazee wetu wengi hicho cha pili ndicho kinachokwamisha, hivyo hati ya kiapo iandaliwe mapema. Mtoto anayesafiri na shangazi au babu abebe cheti cha kuzaliwa na barua ya ridhaa ya wazazi. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano kinadaiwa kuingia Uganda, na chanjo huhesabiwa kuwa halali siku kumi baada ya kuchomwa, kwa hiyo aliyechanjwa siku mbili kabla ya basi kuondoka bado hajakamilisha jambo. Kwa aliyechanjwa zamani, chanjo moja inatosha kwa maisha yote. Uliza mapema katika Hospitali ya Maweni mahali inapotolewa.

Kabla ya kutoa hata malipo ya awali, jua bei inabeba nini na inaacha nini. Kwanza itajwe kwa shilingi, kwa sababu kanuni za mwaka 2025 zinakataza kutangaza bei kwa fedha za kigeni ndani ya nchi; anayekutajia dola anajiachia nafasi ya kukuongezea baadaye. Uliza kama chumba ni cha watu wawili na mwenzako atachaguliwa na nani, kama chakula cha mchana kimo, na kama viingilio vimo. Makumbusho ya mauaji ya kimbari yaliyoko Gisozi, Kigali, hayana kiingilio, hivyo mtu asikuuzie kama huduma ya ziada. Kinyume chake, picha ya sokwe wa milimani kwenye tangazo isikuvute: mwaka 2017 kibali cha kuwaona Rwanda kilipanda hadi dola 1,500, na hata kama raia wa Afrika Mashariki sasa hutozwa pungufu, gharama yake haiwezi kufichwa ndani ya safari ya bei nafuu. Hakikisha pia kwamba basi lina bima inayotambulika ng'ambo, yaani kadi ya njano ya COMESA, na kwamba stakabadhi yako inaeleza utarudishiwa nini safari ikiahirishwa kwa kukosa abiria, jambo linalotokea mara nyingi kuliko waandaaji wanavyokiri.

Mwongozaji ndiye anayeamua kama fedha yako imekwenda mahali pake. Pale Rusumo, basi linapopita darajani juu ya maporomoko ya mto Kagera, mwongozaji mvivu atawahimiza watu wapange foleni ya mihuri na kuwakataza kupiga picha, na kwa hayo mawili yuko sahihi. Mwongozaji anayeijua kazi yake, wakishatoka hapo, ataeleza kwamba Aprili 1994 takribani watu 250,000 walivuka hapo kuingia Tanzania kwa muda wa saa 24 hivi, wakaenda kujaza kambi ya Benaco katika wilaya ya Ngara, tena mahali ambapo basi limepita muda mfupi uliopita bila mtu kugeuza shingo. Abiria wa Kigoma, aliyekua akiziona kambi za wakimbizi, atakuwa na maswali yake. Kwa hiyo ulizia kama mwongozaji ni mtu wa kueleza au ni kondakta aliyebadilishiwa shati. Kundi lina faida yake vilevile: mpakani mzee asiyesoma fomu husaidiwa, na mama anayesafiri peke yake halali na wasiwasi. Hasara yake ni kwamba abiria mmoja anayechelewa kila kituo huwala wenzake muda, na hilo ni lazima liwekewe kanuni kabla ya kuondoka.

Kuhusu mwili, vaa viatu vinavyolegea kwa kuwa miguu huvimba, na kubalianeni na dereva vituo vya kuchimba dawa, maana nchini Rwanda si jambo la kusimama popote kando ya barabara. Mabasi yetu yana mlango upande wa kushoto, ilhali Rwanda magari hupita kulia, hivyo mlango hufungukia katikati ya barabara. Watoto na wazee wasishuke kabla ya kondakta kutangulia chini. Sweta si anasa, kwani Kabale asubuhi ni baridi hasa kwa mtu aliyezoea joto la ufukwe wa Tanganyika. Mifuko ya plastiki iachwe nyumbani, na ukipanda pikipiki Kigali utavaa kofia ngumu upende usipende. Lugha haitakusumbua sana: anayesema Kiha ataokota maneno mengi ya Kinyarwanda, na Kiswahili nacho kilifanywa lugha rasmi huko mwaka 2017.

Fedha badilisha benki au kwenye duka lenye leseni, kidogo kidogo kwa kila nchi, kwa sababu faranga utakazobaki nazo Gatuna utaziuza kwa hasara kwa vijana wanaozunguka na mabunda mkononi. Tenga akiba isiyoguswa ya kukurudisha nyumbani kwa basi la kawaida endapo lenu litaharibika. Ununuzi mkubwa huwa Kampala, katika soko la Owino, siku ya mwisho na kwa haraka, ambapo vitenge na viatu hupakiwa hadi chini ya viti. Jua mapema kila abiria ameruhusiwa mzigo kiasi gani, na utunze risiti, kwa kuwa ofisa wa forodha Mutukula ataziulizia, na basi lenye watu hamsini litasimama kungoja marobota ya mmoja.