Jinsi ya kuchambua familia isiyojijua: hatua nilizopitia na Death of a Salesman

Mwezi uliopita nilikaa na binti mmoja aliyekuwa akiandika insha juu ya Death of a Salesman, tamthilia ya Arthur Miller iliyopanda jukwaani New York mwaka 1949, inayohusu muuzaji wa kusafiri Willy Loman, mkewe Linda, na wana wao Biff na Happy. Ukurasa wake wa kwanza ulijaa sifa za wahusika: Biff ni mvivu, Linda ni mvumilivu, na kadhalika. Nikamwuliza, nani kakwambia Biff ni mvivu?

"Baba yake, mwalimu."

"Haya, endelea kusoma."

Mistari michache tu mbele, Willy huyohuyo anasema Biff ni mchapakazi, tena uvivu hana kabisa. Binti akaweka kalamu chini. Tukaanza upya hivi.

Hatua ya 1. Soma tamthilia nzima kwa sauti. Mihtasari ya mtandaoni iache, maana imeshakuamulia nani mkweli.

Hatua ya 2. Chukua daftari, si kompyuta, uchore safu tatu: nani anasema, anamsema nani, anasema nini. Safu ya kwanza ndiyo muhimu. Sifa inayotoka kinywani mwa mtu wa nyumba hii hueleza zaidi haja ya msemaji kuliko tabia ya anayesemwa. Happy hujiita msaidizi wa mnunuzi wa bidhaa. Biff ndiye anayefichua kwamba ni mmoja wa wasaidizi wawili wa msaidizi huyo.

Hatua ya 3. Tenga yanayotokea sasa na yanayotokea kichwani mwa Willy.

Hapa ndipo mimi mwenyewe niliwahi kupoteza usiku mzima. Nilizoea kuita kila tukio la zamani kisengere nyuma, nikiamini msimulizi ameturudisha kwenye jambo lililotokea kweli. Nikamchukua Ben, kaka yake Willy aliyetajirika kwa almasi, kuwa shahidi wa jinsi wavulana walivyokuwa hodari. Kumbe Ben ameshakufa, na barua ya msiba imetoka Afrika. Soma pale Willy anapocheza karata na jirani yake Charley huku akimjibu Ben. Charley hamwoni mtu, anasikia majibu ya maswali ambayo hakuuliza, na mchezo unavurugika.

Maelekezo ya jukwaa yanasaidia sana, na watu huyaruka. Katika wakati wa sasa waigizaji huheshimu kuta za nyumba ambazo hazipo, wakapitia mlangoni. Katika yale ya zamani wanapita katikati ya ukuta. Weka alama pembeni kila ukuta unapovukwa.

Lakini usiyatupe yote ya kichwani. Humohumo Willy anarudi safari akijisifu kwa mauzo. Linda anapiga hesabu, kamisheni inafika dola 212. Anamwuliza tena, Willy anapunguza, anapunguza tena, mpaka inabaki dola 70 na senti kadhaa, na madeni yanangoja. Vivyo hivyo hoteli ya Boston, ambako Biff alimfumania baba yake na mwanamke mwingine: Willy huisukuma mbali jioni nzima, nayo inamfuata mpaka msalani mwa mkahawa. Kanuni yangu ni hii: kumbukumbu inayomsifu Willy itilie shaka, inayomwaibisha iamini.

Hatua ya 4. Jaza safu za Linda bila huruma. Wanafunzi humpitisha kwa sababu ni mama. Anajua habari ya mpira wa gesi ambao mumewe ameuficha ajiue nao, na kila siku anaurudisha mahali pake asimfedheheshe. Ila ya Boston hayajui, hivyo anamwambia Biff kwamba maisha ya baba yake yamo mikononi mwake, asijue anachogusa.

Hatua ya 5. Tafuta mahali ambapo mmoja wao anajiona. Biff anamngoja Bill Oliver, mwajiri wake wa zamani, kwa muda wa saa sita, anamwona dakika moja, na hapo anatambua kwamba hakuwahi kuwa muuzaji wake. Alikuwa karani wa kusafirisha mizigo, na uongo wa nyumbani alikuwa ameuamini mwenyewe.

Hatua ya 6. Anza insha na kilio cha Biff usiku ule, usikiweke mwisho. Anamwambia baba yake kwamba yeye si kitu, wala Willy si kitu, kisha anamwangukia akilia, akimwomba aichome ndoto ile ya uongo. Willy anasikia jambo moja tu: Biff ananipenda. Dakika chache baadaye anawasha gari akajiue nalo, ili mwanawe apate dola 20,000 za bima ya maisha yake. Binti alinyamaza hapo, akafuta ukurasa wake wa sifa, akaandika juu ya karatasi mpya: "Willy alisikia nini?"